Wasichana wafundishwe kuhesabu mzunguko wao, wasikaririshwe siku ya 14

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo gazeti lako huligusa kila inapokaribia Mei 28, Siku ya Hedhi Salama Duniani, kisha huliacha njiani. Kwa miaka kadhaa sasa tumesoma, na ni vyema tumesoma, kuhusu taulo za kike, kuhusu vyoo vya shule visivyo na maji wala mlango, na kuhusu kodi ya ongezeko la thamani ambayo Kenya iliiondoa kwenye taulo hizo mwaka 2004, na ambayo Tanzania iliiondoa mwaka 2018 na kuirudisha mwaka uliofuata kwa hoja kwamba bei madukani hazikushuka. Hayo yote yanahusu siku chache ambazo damu inatoka. Kuhusu siku nyingine ishirini na ushei za mzunguko, makala zetu za afya huwa na sentensi moja tu: yai la mwanamke hupevuka siku ya 14. Mimi ni mkunga mstaafu niliyefanya kazi katika kliniki ya mama na mtoto hapa Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninaamini kwamba sentensi hiyo, kwa jinsi inavyoandikwa na kukaririshwa, imewapotosha wanawake wengi kuliko iliowasaidia.

Hata tarehe ya Mei 28, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2014, ilichaguliwa kwa hesabu hiyo: 28 kwa wastani wa siku za mzunguko, na mwezi wa tano kwa siku tano za damu. Kwa alama ya maadhimisho, haina ubaya. Ubaya unaanza pale wastani unapogeuzwa kuwa sheria, na mwanamke ambaye mwili wake haufuati sheria hiyo akaambiwa, au akajiambia mwenyewe, kwamba ana kasoro.

Nianze na kuhesabu kwenyewe, maana hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Siku ya kwanza ya mzunguko ni siku ya kwanza ambayo damu inatoka kwa kiasi cha kuhitaji pedi au kitambaa. Si siku damu inapokatika, wala si yale matone ya rangi ya kahawia yanayoweza kutangulia. Mzunguko unakwisha siku moja kabla ya damu ya mara inayofuata kuanza. Wanawake wengi hawahesabu hivyo, bali hushika tarehe. Utamsikia mtu akisema kwamba yeye huona siku zake tarehe tatu. Sasa mtu huyo akianza Machi 3, akaona tena Machi 31, anafika zahanati ameshtuka kwamba ameingia hedhini mara mbili katika mwezi mmoja, na nimeshuhudia wenye hali hiyo wakiandikiwa dawa za kukata damu na hata antibiotiki, ilhali kati ya tarehe hizo mbili ni siku 28 kamili na mwanamke ni mzima. Kinyume chake ni yule mwenye mzunguko wa siku 33, ambaye akianza Januari 3 ataona tena Februari 5, kisha Machi 10, kisha Aprili 12, na kila mwezi hununua kipimo cha mimba kwa kudhani amechelewa. Hajachelewa hata mara moja. Wavuvi wetu wa hapa Tanga hawangoji bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, kwa tarehe ya kalenda ya ukutani, kwa kuwa wanajua maji yana hesabu yake. Na mzunguko vilevile huhesabiwa kwa siku zake wenyewe.

Kwa mwanamke mtu mzima, mzunguko wa siku 24 hadi 38 huhesabiwa kuwa wa kawaida, na damu inayotoka kwa muda usiozidi siku nane pia ni ya kawaida. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni mipaka ni mipana zaidi, kuanzia siku 21 hadi 45, kwa kuwa mwili wake bado unajifunza. Ninawaomba kina mama walishike hili la wasichana, kwa sababu nimewaona mabinti wa miaka kumi na mitatu wakihojiwa kwa ukali nyumbani, kosa lao likiwa ni kupitisha siku arobaini bila kuona damu.

Kwa nini basi mizunguko hutofautiana? Mzunguko una sehemu mbili zisizofanana tabia. Sehemu ya kwanza huanza na damu na kuishia pale yai linapotoka kwenye ovari. Katika sehemu hii homoni kutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo hukuza vifuko vya mayai, kimoja hutangulia vingine, nayo estrojeni inayotokana na kifuko hicho hujenga upya utando wa ndani wa mji wa mimba. Sehemu hii ya kwanza ndiyo inayorefuka na kufupika, kwa ugonjwa, kwa safari, kwa njaa, kwa kupungua uzito ghafla, kwa msiba au mashaka ya muda mrefu. Sehemu ya pili huanza yai likishatoka, ambapo kifuko kilichobaki hugeuka kuwa tezi ndogo ya manjano inayotoa projesteroni, na tezi hiyo, mimba isipotungwa, huishi takriban wiki mbili kisha hufa. Homoni hushuka, utando huporomoka, na hiyo ndiyo hedhi. Sehemu ya pili haibadiliki sana. Kwa hiyo mwanamke anaposema hedhi yake imechelewa, na hana mimba, mara nyingi kilichochelewa ni yai, wiki mbili kabla ya yeye kuanza kuhangaika.

Hapo ndipo siku ya 14 inapoanguka. Hesabu sahihi huenda kinyumenyume: yai hutoka siku 14 hivi kabla ya hedhi inayofuata, si siku 14 baada ya hedhi iliyopita. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 hesabu zote mbili hukutana mahali pamoja, na kwa sababu hiyo kosa halionekani. Kwa mwenye mzunguko wa siku 24 yai hutoka karibu na siku ya 10, na kwa mwenye siku 35 hutoka karibu na siku ya 21. Tukikumbuka kwamba mbegu za mwanamume huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano, ilhali yai huishi si zaidi ya siku moja, tunapata siku sita ambazo tendo la ndoa linaweza kuleta mimba: siku tano kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe linapotoka. Mwenye mzunguko wa siku 24 anaingia katika siku hizo tangu siku ya tano, yaani damu ikiwa imekatika jana au ingali inatoka, na kumbe ameambiwa na wenzake kwamba siku zinazofuata hedhi ni salama. Mwenye siku 35 anaingia siku ya 16, yaani wakati ule ambao kalenda aliyokaririshwa inamwambia kwamba hatari imepita.

Nimetaja wanaokwepa mimba, lakini walioniumiza moyo zaidi ni wanaoitafuta. Wapo wenye ndoa waliopita miaka wakikutana kwa bidii siku ya 12 hadi ya 15, kwa maelekezo ya kipeperushi, na kupumzika siku zinazofuata, ilhali yai la mke hutoka siku ya 20 au 21. Fedha nyingi zikaishia kwa waganga, na maneno ya mawifi yakazidi. Sisemi kwamba kila ugumba unatibiwa kwa kalenda. Mirija iliyoziba kwa maambukizi ya zamani haifunguki kwa kuhesabu, wala mbegu chache za mume haziongezeki, na mume naye hana budi kupimwa. Ninachosema ni kwamba hesabu ndiyo ingepaswa kutangulia gharama zote hizo, maana ni bure.

Mambo haya si mapya. Kabla ya miaka ya 1920 madaktari wengi wa Ulaya wenyewe waliamini kwamba mwanamke hushika mimba karibu na siku za hedhi. Ni Kyusaku Ogino, daktari Mjapani, aliyechapisha mwaka 1924 matokeo ya uchunguzi wake kwamba yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata, na Hermann Knaus wa Austria, akifanya kazi mbali naye, alifikia jambo hilohilo miaka michache baadaye. Kutokana nao ilitokea kanuni ya kalenda ambayo wakunga wa rika langu tuliifundishwa: mwanamke huandika mizunguko yake kwa miezi isiyopungua sita, huchukua mfupi kuliko yote na kutoa 18, huchukua mrefu kuliko yote na kutoa 11, na siku zilizo kati ya majibu hayo mawili ndizo za kushika mimba. Aliyeandika mizunguko ya siku 26 hadi 32 atapata siku ya 8 hadi ya 21. Ni siku nyingi, na wengi hulalamika kwamba zimezidi. Wingi wake, hata hivyo, ndio ukweli wa jambo lenyewe, kwa kuwa kalenda inakisia, na anayekisia lazima aache nafasi.

Tafiti za baadaye zimeunga mkono tahadhari hiyo. Watafiti wa Marekani waliochapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 2000 walikuta kwamba ni kiasi cha asilimia 30 tu ya wanawake ambao siku zao sita za kushika mimba ziliangukia zote kati ya siku ya 10 na ya 17. Mwaka 2019 ukachapishwa uchambuzi wa mizunguko zaidi ya 612,000 iliyorekodiwa kwenye simu, na wastani wake ulikuwa siku 29.3, sehemu ya kwanza ilichukua wastani wa siku 16.9 na ya pili siku 12.4. Kwa hao basi, kwa wastani yai lilitoka baada ya siku ya 14, si siku yenyewe. Sijui mama wa Handeni au Pemba angefurahi kiasi gani kusikia hivyo baada ya kuambiwa miaka yote kwamba yeye ndiye asiye wa kawaida.

Zipo pia dalili za mwili ambazo hazihitaji kukisia. Kadiri yai linavyokaribia kutoka, ute wa mlango wa kizazi huwa mwingi, wenye maji, unaovutika kama ute wa yai bichi; yai likishatoka, ute huwa mzito au hukauka kabisa. John na Evelyn Billings, madaktari wa Australia, ndio walioieneza njia ya kufuata ute huu, na parokia nyingi za Kanisa Katoliki nchini zimekuwa zikiifundisha kwa wanandoa. Mimi si Mkatoliki, lakini ninakiri kwamba walimu wao niliokutana nao waliujua mwili wa mwanamke kuliko wahitimu wengi wa vyuo vyetu. Dalili ya pili ni joto la mwili linalopimwa alfajiri kabla ya kuinuka kitandani, ambalo hupanda kwa sehemu ndogo, nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi, yai likishatoka. Hii siipendekezi sana kwa mazingira yetu. Mama anayeamka mara tatu usiku kunyonyesha, au anayeishi mahali penye malaria, atapata namba zisizomwambia chochote, na hata zikiwa sahihi zinamwarifu kwamba yai limetoka tayari, si kwamba linakaribia kutoka. Ute nao una mipaka yake, kwani mwenye fangasi au maambukizi mengine ukeni hawezi kuusoma mpaka atibiwe.

Wakati fulani huambiwa kwamba kuhesabu siku ni mambo ya kizungu yasiyofaa kwa binti wa Kiswahili. Wanaosema hivyo wamesahau mama zao. Hapa pwani mwanamke Mwislamu amekuwa akihesabu tangu anavunja ungo: anahesabu siku za Ramadhani alizokula ili azilipe kabla ya Ramadhani nyingine, anaijua ada yake, yaani mazoea ya hedhi yake, ni siku sita au saba, na akiachwa anakaa eda ya twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi, hesabu ambayo haiwezekani bila kujua siku ya kuingia na siku ya kutoka. Masomo na makungwi walifundisha kutofautisha damu ya hedhi na istihadha, yaani damu inayotoka nje ya wakati wake. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, hedhi haizidi siku kumi na tano. Na wapo wanaouliza kwa nini basi hospitali inasema nane. Majibu hayo mawili hayagombani, kwa sababu maswali ni mawili. Sheria inaulizwa lini mwanamke aache sala na lini airudie, na daktari anaulizwa lini damu iwe dalili ya maradhi. Mwenye kutokwa na damu siku kumi na mbili anaweza kuwa katika hedhi kwa hukumu ya ibada na wakati huohuo akawa anahitaji kupimwa wingi wa damu yake. Kilichokosekana katika mafunzo hayo ya kale ni kuandika, na kuendelea kuhesabu hata baada ya kutwaharika.

Nimegusa maradhi, na hapa niombe uvumilivu wako, Mhariri, maana ndipo kuandika siku kunapookoa maisha. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Sababu zake ni nyingi, kuanzia chakula hadi malaria na minyoo, lakini hedhi nzito ni mojawapo ambayo haitajwi kliniki kwa kuwa mwanamke mwenyewe hajui kwamba ni nzito. Mama yake ilikuwa hivyo, dada yake ni hivyo, basi anadhani ndivyo wanawake walivyo. Anayelazimika kubadili pedi kila baada ya saa moja au mbili, anayetoa mabonge makubwa ya damu, au anayevuka siku nane kila mara, afike hospitali akiwa na tarehe zake mkononi, kwani huenda ana fibroidi, yaani uvimbe kwenye mji wa mimba, au tatizo la tezi ya shingo, au damu yake haigandi inavyopasa. Binti aliyefikisha miaka 15 bila kuona hedhi aangaliwe. Mwanamke asiye na mimba, asiyenyonyesha na asiyetumia njia ya uzazi wa mpango, akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, naye aangaliwe. Maumivu yanayomlaza msichana kitandani kila mwezi yasiitwe uvivu, wala asiambiwe kwamba yatakwisha akizaa. Na bibi aliyepitisha mwaka mzima bila hedhi, kisha akaona damu hata tone, asiseme ujana umemrudia. Aende kupimwa haraka, maana saratani ya mlango wa kizazi na ya mji wa mimba huanza kwa dalili kama hiyo.

Kwa watumiaji wa uzazi wa mpango kuna maelezo ambayo hayatolewi vya kutosha. Sindano ya miezi mitatu huzuia yai kupevuka na kuufanya utando wa kizazi kuwa mwembamba, hivyo kufikia mwaka wa kwanza takriban nusu ya wanaoitumia hawaoni hedhi kabisa. Wengi huiacha kwa kuamini kwamba damu chafu inajikusanya tumboni na itakuja kuwa uvimbe. Hakuna damu inayojikusanya, kwa sababu hakuna utando uliojengwa wa kuporomoka, na damu ya hedhi yenyewe si taka ambayo mwili usipoitoa utaugua. Ni kweli hata hivyo kwamba baada ya kuacha sindano mzunguko huweza kuchukua miezi kadhaa kurudi, na katika miezi hiyo kalenda haifai kutegemewa. Vivyo hivyo kwa anayenyonyesha. Kunyonyesha kunakinga mimba kwa uhakika mkubwa endapo mtoto hajafikisha miezi sita, anapata maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na mama hajaona hedhi. Sharti moja likivunjika, kinga imevunjika, na kwa kuwa yai hutoka kabla ya damu, mama huweza kubeba mimba nyingine bila kuona hedhi hata moja baada ya kujifungua. Wengi niliowapokea katika hali hiyo walikataa katakata kwamba wana mimba, mpaka mtoto alipoanza kucheza tumboni.

Swali la kwanza ambalo mjamzito huulizwa kliniki ni tarehe ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, na wengi hujibu kwa kukadiria: ilikuwa karibu na Idi, ilikuwa wakati wa kuvuna mahindi. Kwa tarehe hiyo mkunga huongeza siku saba na kurudi nyuma miezi mitatu ili kupata siku ya matarajio, kiasi kwamba hedhi ya Juni 10 hutoa Machi 17. Kanuni hiyo nayo imejengwa juu ya mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 alishika mimba wiki moja baadaye kuliko kanuni inavyodhani, na matarajio yake halisi ni Machi 24. Asipoijua hesabu yake, anaweza kuhesabiwa kuwa amepitiliza na kuanzishiwa uchungu kabla ya wakati. Mambo mengine ya kliniki nayo hutegemea tarehe hiyohiyo: dozi za dawa ya SP za kukinga malaria huanza katika miezi mitatu ya pili, na Shirika la Afya Duniani linataka mahudhurio ya kwanza yafanyike kabla ya wiki ya 12. Kipimo cha ultrasaundi cha mapema hurekebisha makosa ya tarehe, lakini si kila zahanati ina mashine, na wanaochelewa kufika ndio haohao wasiokumbuka tarehe.

Kuhusu wasichana wa vyuo na vidonge vya dharura vinavyouzwa kwa jina la P2, niseme machache. Vidonge hivyo hufanya kazi hasa kwa kuchelewesha yai kutoka. Likishatoka, havina msaada mkubwa. Pia huweza kuisogeza hedhi inayofuata mbele au nyuma kwa siku kadhaa, kwa hiyo anayevimeza mara kwa mara na huku anafuata kalenda anaifuata kalenda aliyoivuruga mwenyewe. Na hakuna hesabu ya siku, iwe ya kalenda au ya ute, inayomkinga mtu na Virusi vya Ukimwi.

Wasichana hao hao wataniambia kwamba siku hizi simu inahesabu. Programu za simu ni nzuri kwa kutunza tarehe, ila siku ya yai wanayoonyeshwa ni makisio, na nyingi hukisia kwa wastani. Kuna jambo jingine. Januari 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza mapatano na kampuni ya programu ya Flo baada ya kuituhumu kwamba ilipeleka taarifa za afya za watumiaji kwa makampuni mengine, zikiwamo Facebook na Google, ilhali ilikuwa imeahidi kuzitunza kwa siri. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini seva za programu hizi haziko Dodoma. Daftari la mazoezi la kurasa arobaini halitumi taarifa kwa mtu yeyote. Msichana aandike tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, wingi wa damu kwa alama anayoijua yeye, maumivu kama yapo, na ute akipenda. Baada ya miezi sita atakuwa na elimu ambayo hakuna daktari anayeweza kumpa kwa kumtazama.

Daftari nalo, hata hivyo, si salama katika kila mkono. Bado kuna shule ambako wasichana hupimwa mimba kwa lazima, na ninaona wazi jinsi mwalimu wa malezi mwenye nia njema anavyoweza kuagiza madaftari ya hedhi yakusanywe na kukaguliwa kila mwisho wa mwezi. Siku hiyo ikifika, mabinti wataandika uongo, na afadhali wasiandike kabisa. Daftari liwe mali ya msichana, alionyeshe kwa mama, somo, nesi au mtu mwingine amtakaye yeye. Wavulana wafundishwe hesabu hiyohiyo darasani pamoja na dada zao, kwa kuwa watakuja kuwa waume na wengine watakuwa matabibu, lakini hawana haja ya kuona daftari la mtu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wa afya uchapishe jedwali la mizunguko sita ya mwanamke mmoja wa kubuni, na mizunguko hiyo isiwe ya siku 28, bali iwe ya siku 25 mara moja, 31 mara nyingine, 29, 33, kama ilivyo katika maisha. Pembeni yake wasomaji waonyeshwe jinsi ya kutoa 18 na 11. Kwa Wizara ya Elimu na waandishi wa vitabu vya Biolojia ninaomba kwamba pale penye mchoro wa siku 28 uongezwe wa siku 24 na wa siku 35, na mwanafunzi aulizwe kwenye mtihani yai limetoka siku gani katika kila mmoja. Walimu hufundisha kinachoulizwa kwenye mtihani.

Ni mimi,
Mkunga mstaafu,
Tanga.